Mapezi Bapa ya Mzamiaji

Hapa Bariadi ukimtaja Mzamiaji, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuuliza, "Yule mzee aliyegombana na ofisi kwa sababu ya viatu vya bata?" Halafu atacheka. Wanacheka wauza mitumba, wanacheka waendesha bodaboda, wanacheka hata watu ambao ndugu zao aliwatoa majini kwa mikono yake miwili. Mimi sicheki. Nilikuwa mtunza stoo na mchapaji wa kikundi chetu cha uokoaji muda wote aliokuwapo, habari ile naijua mwanzo hadi mwisho, na kicheko chao kinanikera kuliko matusi.

Alizaliwa wapi na ukoo gani, sijui. Hakusema na mimi sikuuliza. Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa tayari na mvi kidevuni, mrefu, mwembamba, mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Alijifunza kuzamia ziwani, upande wa Busega, kwa mafundi waliokuwa wakikarabati vivuko kwa chini. Hayo aliyasema mara moja tu, tena kwa sababu kuna mtu alimuuliza kama ana cheti.

Wageni wakija mkoani huwa wanashangaa. Mzamiaji wa nini huku, kwenye nchi ya pamba na ng'ombe, ambako mwaka ukiwa mbaya watu wanachimba mchanga wa mto kutafuta maji ya kunywa? Ndiyo hapo wasipopaelewa. Maji yetu hayana ufukwe. Ni malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo, ni mashimo ya mchanga yaliyojaa mvua, ni mto unaokauka miezi mingi kisha siku moja unashuka na miti mizima. Mtu anakwenda kunywesha ng'ombe, ukingo unateleza, basi. Na watu wetu wengi hawajui kuogelea, kwa sababu wangejifunzia wapi?

Na chini ya hayo maji kuna udongo wa mbuga. Ule ule mweusi unaonasa trekta masika. Ndani ya lambo unalala kama uji mzito, na ukiutibua kidogo tu unapanda na kubaki umening'inia majini nusu siku. Mzamiaji akiutibua, kazi imekwisha. Taa haimsaidii, macho hayamsaidii, anabaki kupapasa.

Hapo ndipo viatu vya bata vinapoingia, vile vya mpira vya kuogelea, ambavyo sisi kikundini tulizoea kuviita mapezi. Mzamiaji angeweza kuongea habari ya mapezi tangu chai ya asubuhi hadi ugali wa mchana. Siku moja alinikuta napanga stoo, akachukua pezi lake, akalikunja karibu na sikio kama alivyozoea, kusikiliza kama mpira umeanza kupasuka kwa ndani.

"Mayu," akaniambia, maana mwanamke yeyote mzima alimwita hivyo, mama, "hili ni bapa moja. Mpira mzito, mgumu, halina mpasuko popote. Nikisukuma, linasukuma. Nikitaka kurudi kinyumenyume, linanirudisha. Nikitaka kugeuka pale pale nilipo, kama mtu anavyogeuka kitandani bila kumwamsha mwenzake, linanigeuza. Ubaya wake ni mmoja. Linakula goti."

"Na yale ya kwenye kalenda?" nikamuuliza. Stoo tulikuwa na kalenda ya picha za bahari, na mzungu mmoja amevaa mapezi yaliyopasuliwa katikati, kila mguu una mikia miwili.

"Yale ni mazuri. Usije ukamwambia mtu nimesema ni mabaya. Maji yanapita katikati, mguu unakuwa mwepesi, goti halilii. Ukiwa baharini, maji meupe, unakwenda mbali kuangalia samaki, vaa yale, utanishukuru. Lakini yanataka upige miguu juu chini, juu chini, bila kupumzika. Sasa wewe nenda kapige juu chini kwenye lambo la Sapiwi, kisha uniambie kama umeuona mkono wako."

Hayo aliyasema kabla mtu yeyote hajaota kutuletea mapezi ya aina hiyo. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu baadaye walisema kwamba alikuwa anapinga kila kitu kipya.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya majivu. Alikuwa anachukua debe la majivu kwa mama lishe wa jirani, anayamwaga barazani kwetu, anayasawazisha kwa ubao mpaka yanakuwa laini kama unga. Juu yake anaweka benchi. Mwanafunzi analala kifudifudi kwenye benchi, miguu inaning'inia nyuma na mapezi yamevaliwa, ncha zake zikiwa kimo cha kiganja tu juu ya majivu. Kisha anaambiwa apige teke la chura, yaani magoti yakunjwe, nyayo zigeuzwe nje, usukume kwenda nyuma na siyo kwenda chini. Majivu yakitulia, umefaulu. Yakipanda hata kama moshi wa sigara, Mzamiaji alisema maneno mawili bila kupandisha sauti: "Rudia. Umetibua."

Kulwa, ambaye ndiye mzamiaji mkuu wa kikundi leo, alirudia wiki tatu. Mtu mzima, ana mke na ng'ombe wake, amelala kifudifudi barazani huku wapita njia wakisimama kumtazama. Siku moja aliinuka na hasira, majivu mpaka kwenye kope, akasema, "Mwalimu, mimi nitazamia maji au nitazamia jiko?" Mzamiaji akamjibu kwamba akishindwa jiko, lambo halitamhurumia. Kulwa akalala tena.

Alikuwa na tabia ambazo nikizikumbuka najiuliza kama walioandika habari zake waliwahi hata kumtazama. Hakula samaki. Hakutoa sababu na hatukuuliza. Kabla ya kuzama alitafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga kidogo, akinywa maji mengi. Akifika kwenye tukio hakuanza na vifaa. Alikwenda kwanza waliko wafiwa, akakaa chini kwenye udongo pamoja nao, akasalimia kwa utaratibu wote, mwangaluka ikiwa asubuhi, mwadela ikiwa mchana hadi jioni, hata kama watu wanalia na hakuna anayeitikia. Kisha anauliza: alivaa nini, alikuwa mzito au mwepesi, alisimama upande gani. Neno "maiti" hakulitaka. Aliyeko chini alimwita mwenzetu. "Mwenzetu yuko upande wa kule kwenye miti," anasema, kama anayezungumzia mtu aliyechelewa kurudi sokoni.

Hata malaika wana upande wa pili, na yeye alikuwa nao. Mtu yule aliyeweza kukaa dakika arobaini gizani chini ya maji na mtungi wa hewa mgongoni, akitafuta kwa vidole, hakuweza kukaa dakika kumi kwenye kikao. Alikata watu kauli. Alilalamikia chai, sukari ndogo, majani mengi. Alitufundisha wote kwamba haraka inaua, halafu akipanda pikipiki yake anaendesha kama anafukuzwa na nyuki. Goti lake la kulia liliharibika hivyo, kwenye kona ya barabara ya kwenda Lagangabilili, alipojaribu kulipita lori la pamba. Tulikwenda kumwona wodini sote. Kila mtu kikundini alijua goti lile lilivunjwa na pikipiki, na Mratibu wetu alijua kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyepeleka gari kumchukua.

Huyo Mratibu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikundi. Simtaji jina. Alikuwa kijana msomi, msemaji mzuri, mtu wa mikutano na wafadhili, na sitasema alikuwa mtu mbaya wa moyo, ingawa kuna siku natamani kusema hivyo. Alijifunza kuzamia kwenye bwawa la hoteli, maji ya bluu mpaka unahesabu vigae. Kutoka huko alirudi na furaha ya mtu aliyeokoka, na miezi michache baadaye yakaja maboksi.

Jozi kumi na mbili. Rangi ya njano, yananukia mpira mpya, yote yamepasuliwa katikati.

Alituita kikao. Akasema hii ndiyo teknolojia ya sasa, mguu hauchoki, mzamiaji anakaa majini muda mrefu. Akasema, na alisema kwa upole, "Hata Mzee wetu na goti lake atapumua." Watu wakapiga makofi. Mzamiaji alikuwa ameshika pezi moja la njano, analikunja karibu na sikio.

"Ni mazuri," akasema. "Kwa goti langu ni mazuri kweli. Lakini mimi sizamii goti langu."

Mratibu akatabasamu.

"Twende nayo lambo," Mzamiaji akaendelea. "Leo hii. Mimi na mapezi bapa, Kulwa na haya. Wewe ukae ukingoni uangalie maji. Kama maji ya Kulwa hayatachafuka, mimi nayabeba yale ya zamani kichwani na kuyatupa mwenyewe."

Lilikuwa ombi la haki kabisa. Lambo lenyewe liko karibu, mchana ulikuwa bado mrefu, gari lilikuwa na mafuta. Mratibu akasema hatuna haja ya kufanya mashindano kama watoto, vifaa vimeshajaribiwa. Vimejaribiwa wapi? Kwenye bwawa la hoteli! Mzamiaji ndiye aliyeuliza, na ndiyo siku pekee niliyomsikia akipaza sauti. Akasimama, akakata watu kauli, akasema maneno ambayo hayakumsaidia, kwamba hatamvalisha mtu mzima mkia wa mbayuwayu kumpeleka kwenye matope. Kisha akatoka. Nimeshasema vikao vilimshinda.

Muhtasari wa kikao niliuchapa mimi. Mratibu alinisomea maneno kutoka kwenye daftari lake, nami nikachapa. Kulikuwa na agizo kwamba mapezi ya zamani, jozi sita, yahesabiwe kuwa chakavu na yateketezwe. Na kulikuwa na sentensi hii, ambayo naijua kama ninavyoijua sala: "Mzamiaji ameshindwa kumudu vifaa vya kisasa kutokana na umri, hivyo anapumzishwa."

Umri! Goti lililovunjwa na pikipiki!

Kesho yake Mzamiaji alikuja kuchukua nakala. Aliisoma amesimama mlangoni pa stoo, polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye sentensi ile kidole kikasimama. Halafu akaniuliza, "Mayu, na wewe unaona hivyo?"

Ningeweza kujibu mambo mengi. Nilikuwa nimeona majivu yametulia chini ya miguu yake miaka yote hiyo. Nikamjibu, "Mimi nachapa tu, mzee."

Akakunja karatasi mara nne, akaiweka mfukoni, akasema, "Wabeja, mayu," asante kwa Kisukuma, bila kejeli yoyote, akaondoka na pikipiki yake kwa mwendo ule ule wa kijinga.

Mapezi bapa niliambiwa niyachome nyuma ya stoo. Nilichoma jozi tano. Moshi wake ulikuwa mweusi, mama lishe akatutukana. Jozi ya sita ilikuwa ya kwake, kamba zake za kisigino alizibadilisha mwenyewe na vipande vya ngozi ya ng'ombe, na mikono yangu ilikataa. Niliifunga kwenye gunia, nikaipeleka nyumbani kwangu, nikaisukuma chini ya kitanda. Kwenye fomu niliandika jozi sita zimeteketezwa. Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Nilifanya kama mwizi.

Sasa Sapiwi. Hapa ndipo hasira yangu inapokaa.

Mwanamke mmoja, mama wa familia, alikwenda lamboni asubuhi kuchota maji. Ndoo ikaonekana, yeye hakuonekana. Kikundi kikaitwa. Kulwa na wenzake wawili wakaingia na mapezi ya njano, na mimi nilikuwapo ukingoni, nikiandika saa za kuingia na kutoka. Yale mapezi yalifanya kile hasa alichosema Mzamiaji. Walipiga miguu juu chini kwa sababu ukitumia teke la chura yanalegea tu, hayasukumi. Dakika tano, lambo zima likawa kahawa. Wakapapasa mchana kutwa. Hakuna kitu.

Siku ya pili asubuhi wakarudi. Masika yaliyopita maji yalikuwa yamefunika boma la zamani, na matawi ya miiba ya ule uzio yalikuwa bado yamelala chini. Kulwa akapita juu yake. Tawi likaingia kwenye mpasuko wa pezi na kubana, akavuta, likabana zaidi, mguu hautoki. Alivuta kamba ya kiunoni mara tatu, ishara ya hatari, tukamvuta. Alitoka bila pezi, amemeza matope, macho yamemtoka. Alilala ukingoni anatetemeka, mwanamume ambaye nimemwona akicheka mbele ya fahali.

Mratibu alikuwapo. Akasema tusubiri maji yatulie, pengine siku mbili tatu.

Mume wa yule mama alikuwa amekaa chini tangu jana yake, hajala. Alimsikia. Akasimama, akapanda pikipiki ya jirani yake, akaenda zake. Saa nane mchana akarudi na Mzamiaji amempakia nyuma.

Mzamiaji alisalimia wafiwa kwanza. Mwadela. Akakaa chini. Alivaa nini? Kanga ya bluu na sweta. Mzito au mwepesi? Alisimama wapi? Kisha akaja kwetu akichechemea, akamwinamia Kulwa, akamshika bega, akamuuliza ile miiba iko upande gani. Hapo ndipo akaniangalia mimi.

"Mayu, yale bapa yote yaliungua?"

Mratibu alikuwa amesimama kando yangu, hatua mbili. Jozi ilikuwa chini ya kitanda changu, mjini. Bodaboda ingekwenda na kurudi kabla jua halijapungua. Nikasema, "Yaliungua, mzee."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua jozi ya njano. Akawageukia watu wa Sapiwi waliokuwa wamejaa ukingoni, akauliza nani ana shazia. Ulikuwa wakati wa pamba. Hakukosekana mwenye shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, wala uzi wake. Zililetwa tatu. Akakaa kwenye udongo, goti bovu amelinyoosha, akaanza kushona mpasuko wa pezi la kwanza kama anafunga gunia la pamba, mishono mikubwa, anavuta uzi kwa meno. Mzee mmoja wa pale akachukua pezi la pili akashona naye. Mimi nilisimama pale nikiwatazama wazee wawili wanashona kitu ambacho hakikustahili kushonwa, na ulimi wangu ukiwa mzima mdomoni.

Mapezi yaliyoshonwa siyo bapa. Yalikuwa laini, yakipinda vibaya, na kila teke lilimtaka asukume mara mbili ya kawaida kwa goti lile. Lakini hayakufunguka, na tawi halikupata pa kuingia. Alisubiri maji yatulie kwa kadiri yalivyoweza, kisha akaingia upande wa mbali, akazama bila kurusha hata tone. Nilikuwa natazama maji. Viputo vilikwenda taratibu kuelekea kwenye miiba, na juu ya viputo maji yalibaki vile vile. Karibu dakika arobaini. Kisha kamba ikavutwa mara mbili, ishara kwamba amempata.

Alimleta amemfunika uso kwa ile kanga ya bluu. Mumewe aliingia majini mpaka kifuani kumpokea. Mzamiaji hakuweza kutoka mwenyewe, goti lilikuwa limevimba kama tikiti, na Kulwa aliyekuwa bado anatetemeka ndiye aliyembeba.

Mratibu alipiga picha. Hilo ningelisamehe, ni kazi yake kupiga picha. Wiki mbili baadaye nikapewa ripoti ya wafadhili niichape, na ile picha ipo. Imekatwa. Anaonekana Mzamiaji kuanzia kiunoni kwenda juu, pembeni pezi moja la njano limeinuka, na mahali pa mishono pamefichwa na maandishi: "Vifaa vya kisasa vyaleta mafanikio Sapiwi." Jina lake halikuwapo. Aliyetajwa ni "mmoja wa wazamiaji wetu". Huyo aliyeshindwa kumudu kutokana na umri!

Nikaichapa na hiyo.

Kwa hiyo msinisimulie habari ya mzee mkaidi na viatu vya bata. Mkaidi ni nani kati yao wawili? Aliyesema twendeni lamboni tukajaribu, au aliyekataa kwenda?

Nilimwona tena mwaka huu, wakati mawingu yameanza kukusanyika upande wa Meatu na watu wanaongelea mbegu. Nilichukua gunia chini ya kitanda, nikapanda bodaboda mpaka kwake, nje kidogo ya Lagangabilili. Mkewe alinikaribisha, akanionesha kwa kidole lambo dogo la ng'ombe wao, hatua chache nyuma ya nyumba.

Alikuwa majini, amejishika kwenye kigogo, anapiga miguu juu chini, juu chini, polepole. Amevaa mapezi ya njano, yale yale ya Sapiwi. Mishono imefumuliwa, mpasuko uko wazi. Maji yote yamegeuka kahawa na yeye hana habari.

Alinicheka nilivyoduwaa. "Mwangaluka, mayu. Unashangaa nini? Nilikwambia haya ni mazuri kwa goti. Daktari mwenyewe kasema nipige miguu kila asubuhi. Hapa simtafuti mtu."

Tulikaa uani, mkewe akaleta uji. Kando ya jiko niliona benchi, na chini yake majivu yaliyosawazishwa, na kwenye majivu hayo alama ya vidole vya kuku tu. Nikauliza. Akasema Kulwa na wenzake huja kila Jumamosi, kwa siri, wanajifunza tena. "Lakini wanajifunza kwa vipande vya mbao nilivyowachongea," akasema. "Lamboni watavaa nini, mimi sijui. Na mvua hizo zinakuja."

Nikafungua gunia. Niliyatoa mapezi bapa, na zile kamba za ngozi, nikayaweka mapajani mwake. Nikamweleza yote. Kitanda. Fomu. Na Sapiwi, aliponiuliza mbele ya Mratibu nami nikasema yaliungua.

Mkewe aliacha kupeta. Mzamiaji akalikunja pezi moja karibu na sikio, akasikiliza.

"Kumbe nisingeshona," akasema.

Nililia, na sioni haya kulisema. Nikamwambia ni yake, nimemletea, anisamehe. Akanirudishia mapajani.

"Mimi sizamii tena, mayu. Haya ni ya Kulwa. Lakini usimpelekee kwa mlango wa nyuma. Uliyatoa kama mwizi, yarudishe mchana. Mezani kwa Mratibu."

"Ataniuliza yametoka wapi. Niliandika yameungua. Ataniachisha kazi."

"Anaweza." Akanywa uji. "Akikuuliza, utamwambia unachapa tu?"

Nikasema nitamwambia ukweli.

"Sema sasa, nisikie."

Basi nikasema. Nilisema kwa sauti ya miaka yote ile, kuku wakatawanyika. Kwamba Mzamiaji hakushindwa kitu! Kwamba goti ni la pikipiki na siyo umri! Kwamba Mratibu ni mwongo, ofisi nzima ni ya waongo, picha wameikata, na mimi nilijua yote na nikachapa! Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi, na gunia limeanguka kwenye majivu.

Mzamiaji aliyatazama yale majivu yanavyopanda, akayasubiri yashuke.

"Rudia," akasema. "Umetibua."

Nikakaa. Nikafuta uso. Nikarudia, polepole, nikianza na kosa langu.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, niliweka mapezi bapa juu ya meza ya Mratibu, Kulwa akiwa amesimama mlangoni. Aliniuliza yametoka wapi. Nikamjibu yote kwa mpangilio ule ule, na sikutibua.